Rangi Nyeupe ya Roshani

Kisu cha kumenyea viazi kilizama kwenye boriti iliyobeba roshani kwa chini mpaka mpini, wala Ragnhild hakutia nguvu.

Alikichomoa. Kwa nje rangi ilikuwa nyeupe, laini kama ganda la yai. Ndani vilitoka vipande vya kahawia vya mraba, vikasagika kiganjani kama mkate ulioungua, na nyuzi nyeupe za kuvu zimetambaa katikati yake.

"Umenitobolea nyumba siku ya bendera, sikukuu ya taifa, wageni wamejaa ndani," mama mkwe wake alisema nyuma yake.

"Mama, mti umeliwa. Wazee walipaka lami ya msonobari, mti ukapumua. Wewe kila sikukuu unapaka rangi juu ya rangi, unyevu unafungiwa ndani, kuvu inajilia tu."

"Kuvu hula magogo msituni yakawa udongo. Hiyo ndiyo kazi yake. Nyumba yangu si gogo."

"Kuvu haijui nyumba, Mama. Inajua mti na maji."

"Tangu uolewe hapa hujasifu kitu. Hata samaki wangu ulisema ana chumvi."

Juu yao mbao zililia. Ukoo mzima ulikuwa unatoka kwenye roshani kupigwa picha, na binti mdogo wa Ragnhild alikuwa mbele ya wote.

"Rudi ndani, mwanangu! Rudini wote!"

Mama mkwe akainua uso, akawatabasamia wageni wake.

"Msimsikilize huyo. Sogeeni mbele, hapo ukingoni, niwaone vizuri."

Unga wa kahawia ukamdondokea begani, juu ya shali yake ya sikukuu.