Kitambaa Juu ya Picha

Picha ilipowekwa mbele ya jaji, Taprandich aliinuka kabla hajaitwa. Akavua kitambaa chake cha kichwani, akaifunika.

"Mama, hicho ni kielelezo cha mahakama," wakili wa serikali alisema. "Kielelezo hakifunikwi."

"Huyo ni bibi yangu. Yuko uchi."

Daktari wa kikoloni ndiye aliyempiga picha ile, kwa ajili ya vidonda vya mguuni. Alimvua nguo, akamshikisha kibao chenye namba na tarehe. Hakuujali mti uliokuwa nyuma ya mgonjwa wake, wala mzinga wa nyuki ulioning'inia hapo, umechongwa alama ya ukoo. Sasa serikali ilidai kwamba msitu ilimopigwa picha ile haukuwahi kuwa na wenyewe, na mzinga huo ndio uliokuwa ushahidi pekee wa ukoo wa Taprandich.

Taprandich akakikunja kitambaa taratibu mpaka ukaonekana mzinga, na kibao, na mguu. Akaishia hapo.

"Nusu ya picha siwezi kuipokea, mama," jaji alisema, bila ukali. "Sheria inanitaka niione yote."

Taprandich akaondoa mkono kwenye kitambaa. "Basi ifunue mwenyewe, mheshimiwa. Lakini kwetu mkubwa hatazamwi kabla hajasalimiwa. Daktari yule hakumsalimia."

Jaji akavua miwani. Akashika pindo la kitambaa, akaliachia, akalishika tena. Kisha, mbele ya mawakili wote, akainuka kitini.