Kidude Chenye Adabu

Saa nane mchana bibi aliifungia simu ya mkwewe kabatini, akazungusha ufunguo mara mbili, akautia kifuani.

"Hasa leo, mama, niachie," mkwewe alisema kwa sauti ya chini.

"Hasa leo."

Mwanawe bibi alikuwa anapangusa viti, na hakuinua kichwa. Wiki nzima mama yake alikuwa amemwimbia wimbo mmoja: mkeo na simu, simu na mkeo. Mwisho akakubali ifungiwe, ili apate usingizi.

Mgeni aliyekuwa anakuja ni dada mkubwa wa bibi, mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke ambaye hata salamu zake zilikuwa kama mtihani. Alikuwa anakuja kwa jambo moja: kuona kama bibi bado anajiweza. Mwanawe bibi alikuwa amesema, kwa upole lakini amesema, kwamba mkewe anashona sare za shule chumba cha nyuma, na hawezi kuacha cherehani kila dakika akamwashie mtu feni. Kama mama hajiwezi, basi akakae kwa mama mkubwa, kwake kuna msaidizi. Bibi hakutaka hata kulisikia. Kwa dada yake angeishi kama mtoto aliyerudishwa darasa.

Aibu yake ilianza siku vilipoletwa vile vidude. Mwanawe alichomeka plagi mpya nyuma ya makabati, kila chombo na ya kwake: taa, feni, redio, birika la umeme. Akaeleza kwamba unaviwasha kwa simu, hata ukiwa sokoni, au unaviambia tu kwa mdomo, kwa sababu mezani kuna kidude cha duara kinachosikia. Akasema, "Washa feni." Kidude kikajibu, "Sawa," na feni ikazunguka. Mkewe naye akasema, kikajibu, "Sawa."

Bibi akasema. Kimya.

Tangu alipopasuliwa koo, sauti yake ilikuwa imebaki ya kukwaruza, kama gunia linaloburutwa sakafuni. Akarudia mpaka akapaliwa. Mkwewe akatazama pembeni. Bibi akajifanya anatafuta miwani, na miwani alikuwa ameivaa.

Miaka thelathini alikuwa dobi. Mashuka ya hoteli nzima yalipita mikononi mwake, na pasi ya mkaa ilikwenda alikotaka yeye. Leo anashindwa na plagi. Kuinama nyuma ya kabati magoti yalikataa, na kuita mtu kila mara ilikuwa ni kujichimbia kaburi mwenyewe. Basi akawa anakaa na joto lake, jasho likimwingia machoni, akiulizwa anasema hasikii joto.

Adhuhuri moja, alipodhani hakuna anayemsikia, alikiinamia kile kidude kama anayeomba msamaha. "Washa feni, baba."

Feni ikazunguka.

Tangu hapo kikawa kinamtii. Akitaka redio, redio. Akitaka chai, birika linaanza kuvuma. Wengine kiliwajibu "Sawa", ila yeye kilimtendea kimya kimya, na bibi akajua kwa nini. "Kina adabu," alimwambia mwanawe. "Mtu mzima hajibizwi." Akaanza tena kuinua shingo akipita sebuleni.

Kilichobaki ni mkwewe. Kila bibi alipofungua mdomo, cherehani kule nyuma ilinyamaza. Kila alipogeuka, alimkuta mlangoni, miguu mitupu, simu mkononi, macho kwenye simu. Bibi hakuhitaji kuambiwa. Huyu anasikiliza, anaandika makosa yake ampelekee mumewe, mzigo uondoke upesi. Ndiyo maana simu iko kabatini.

Dada yake alifika saa tisa. Mkwewe alimsalimu kwa kupiga magoti, na alipotaka kubaki sebuleni, bibi akamwambia kazi yake inamngoja. Akaenda, akageuka nyuma mara mbili.

"Nasikia siku hizi unaongea na vyombo," dada alisema, akifuta miwani yake.

"Vinanisikiliza kuliko ulivyowahi kunisikiliza wewe."

Mwanawe alicheka. Hata dada alitabasamu, akasema haya, mwenzangu, tuone, maana akiona mambo yenyewe yanakwenda hana sababu ya kumhamisha mtu kwake. Bibi akajiweka sawa kitini. Alikuwa amengoja siku hii.

"Washa birika."

Kule nyuma cherehani ikanyamaza. Birika pia lilikuwa kimya.

"Washa birika," akasema tena, kwa nguvu, na sauti ikamkatikia katikati. Akajaribu feni. Akajaribu redio. Akakisogelea kidude mpaka midomo ikakaribia kukigusa. "Birika, baba. Nakuomba."

Dada yake aliinamisha macho sakafuni. Hilo ndilo lililomuumiza bibi zaidi; afadhali angemcheka kama zamani.

Mwanawe alingoja, akangoja, kisha akasema polepole, kama mtu asiyetaka kusikika, "Washa birika."

"Sawa," kidude kikajibu, na birika likaanza kuvuma.

Uso wa bibi ulikuwa unawaka. Akautafuta mlango kwa macho, ili walau apate wa kumlaumu.

Mkwewe alikuwa amesimama pale, miguu mitupu. Hakuwa anamtazama mtu. Kiganja chake cha kushoto kilikuwa wazi mbele yake, kitupu, na kidole gumba cha kulia kilikuwa bado kinabonyeza katikati ya kiganja hicho, kinabonyeza, kinabonyeza tena.