Popo wa Mabega Meupe

Siku hizo kila paa lilikuwa na sikio la serikali, kidude kilichotambua popo wenye homa ya kuua kwa sauti zao na kuitia nyumba rangi kwenye ramani. Nyumba ikiwa nyekundu hufungwa mpaka masika. Kuingia ruhusa, kutoka hakuna. Nyumba ya kona ilifungwa mwaka jana, na ilipofunguliwa hakutoka mtu.

Nakijwa alikuwa akimenya ndizi wakati bintiye, Mkunde, alipomwita.

"Mama, kuna popo anakula pera letu."

Popo alikuwa ananing'inia kwenye boriti ya jikoni, mabegani ana vishungi vyeupe. Nakijwa alinyakua ufagio amfukuze kabla hajalia. Popo akalia mara moja tu, kwa sauti nyembamba kama ya kengele ndogo. Taa nyekundu ikawaka juu ya paa, na kitasa cha mlango kikajifunga chenyewe, hakifunguki tena ila kwa nje. Nje, jirani aliyekuwa akianika mahindi aliacha ungo wake, akaingia kwake, akafunga madirisha.

Haukupita muda, mume wa Nakijwa, Mshana, akatokea na mkoba wake wa useremala. Aliiona taa, akasimama nje ya mlango.

"Mama Mkunde, mko salama? Niingie?"

Nakijwa alijua la kumjibu. Aende kwa mama yake, abaki hai, amlee mtoto kama mtoto atatoka. Mkunde alimshika khanga.

"Mwambie baba aje."

Nakijwa akauweka ufagio chini. Akasogea pembeni, akampisha Mshana mlangoni aingie.