Rangi Nyekundu ya Jumatano

Bambo, chuma cha kuchomea magunia, lilizama ndani ya gunia la kwanza, likatoka na mtama mweusi ulioshikana kwa ukungu.

Sadalla, mkaguzi wa ofisi ya kilimo, aliunusa, akageuza uso. Kila Jumatano alipita Kariakoo, na kila Jumatano kulikuwa na aliyelia.

"Bibi, huu ulitaka kumlisha nani?"

"Paa linavuja, bwana," alisema Mauza, aliyesimama mlangoni mwa duka. Kanga ameivuta hadi kidevuni, na jua linawaka. "Mume wangu kaondoka jana, kaenda Pangani. Nihurumie."

"Nasor naye!" alidakia Amna, muuza nazi wa jirani. "Wiki nzima nakuona unateka maji kusafisha uozo wake, shoga, yeye huyoo Pangani. Hata kuaga hakuaga!"

Magunia yalikuwa saba. Sadalla alichoma la pili, akachoma la tatu. Uozo mtupu. Alipovuka kuelekea la mwisho, Mauza alimshika mkono.

"Jaribu hili la nne, bwana. Hili zima, nakuapia."

Alilichoma. Maji yalichuruzika kwenye chuma.

"Basi, nimeona ya kutosha." Alichovya brashi kwenye kopo la rangi nyekundu, akayapiga yote saba msalaba. "Yanakwenda kuzamishwa."

"Hamtayafungua kwanza?" aliuliza Mauza. "Pengine kuna mtama mzima katikati."

"Amri ya Mwingereza: likishapigwa rangi halifunguliwi. Mwaka jana watu waliiba, wakala, tukawazika. Siku hizi tunayafunga mawe, tishari linayatupa mbali, nje ya Kivukoni."

Mauza alijifuta machozi.

Wafungwa waliokuja na Sadalla walianza kupakia mkokoteni. Gunia la mwisho liliwatoa jasho.

"Mama, huu mtama au risasi?"

"Umelowa huo," alisema Sadalla. "Pandisha, twende."

Mkokoteni ulipokata kona, Amna alimkumbatia jirani yake. Kanga ikateleza. Shingoni mwa Mauza kulikuwa na alama za vidole, zimeiva zambarau. Amna aliirudisha kanga taratibu.

"Akirudi akakuta duka tupu, shoga, si atakuua?"

Mauza aliingia ndani, akachukua ufagio. Nyuma ya mlango lilimngoja kubadhi moja la Nasor.

La pili lilikuwa bado mguuni mwake, linaelekea bandarini katika gunia la saba.