Kitambaa cha Mwani

Phelesia alifumba macho binti yake alipoanza kufungua bendeji shingoni mwake. Mionzi ya hospitali kule Nairobi ilikuwa imepunguza uvimbe, lakini iliunguza ngozi pia, na kila bendeji ilibanduka pamoja na nyama. Ndiyo maana aliikatiza tiba, akarudi kwao kisiwani Takawiri, Ziwa Victoria. Daktari alisema kidonda kikifunga, arudi amalizie. Kisipofunga, mionzi haitawezekana tena.

Siku ya kuondoka, muuguzi alimpa kitambaa cha kufunika kidonda, kilichofumwa kwa nyuzi za mwani wa baharini.

Bendeji ilipotoka, binti aliinua ncha ya kitambaa hicho. Chini palijaa ute mzito wa manjano.

Usaha, aliwaza, akaacha kufungua.

"Mbona umenyamaza, nyathina, mwanangu? Kimeoza? Sema tu, mimi si mtoto."

Binti aliinama, akanusa. Hakukuwa na uvundo wowote. Ndipo alipokumbuka maneno ya muuguzi, kwamba mwani ukishanywa maji ya kidonda hugeuka ute. Akamimina polepole maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa. Ute wote ukateleza hadi kwenye beseni, bila kuvuta hata unywele mmoja. Pale palipokuwa na kidonda, ngozi mpya ya waridi ilikuwa imekutana pande zote.

"Basi anza kubandua," Phelesia alisema, akiwa ameuma leso. "Nitavumilia."

"Nimemaliza, Mama."

Phelesia alifungua jicho moja, akajigusa shingo kwa ncha ya kidole. Leso ikamdondoka mdomoni.

"Kimbia ufukweni," alisema. "Mwambie mwenye boti asiondoke bila mimi. Narudi Nairobi kumalizia mionzi, hata kama gugumaji limeziba njia ya ziwani."