Kumbukumbu Halisi, Si Nakala

Julai 9, 2071. Asubuhi kulikuwa na ukungu na baridi kali hapa Usangi.

Cheti cha ndoa, picha na pasipoti vilikuwa tayari kwenye bahasha ya maombi ya viza. Ilibaki kumbukumbu yangu moja kuhusu mume wangu, Elinami, aliyeko Kanada. Ubalozini hawapokei nakala. Wanataka kumbukumbu halisi, na wakishaitoa kichwani hairudi.

"Wape siku mliyogombana," alisema mama mkwe. "Ya kazi gani, mwanangu?"

"Mama, jirani yetu alitoa ugomvi, wakamnyima viza."

Wifi yangu Namsifu akadakia, "Basi wape harusi. Wali wenyewe uliungua, hutapoteza kitu!"

Tulicheka. Harusi ndiyo wanayoikubali kwenye usaili. Lakini kiapo changu kingeondoka nayo, na ningemfuata mume nisiyekumbuka kumkubali.

Tulimwomba Mungu kwa muda mrefu. Kisha nikasimama, nikamshika mama mkwe mkono badala ya mwanawe.

"Mimi Nakunda naahidi kuwa mke wa Elinami mpaka kifo. Kesho nikirudi kutoka ubalozini sikumbuki harusi, ninyi mashahidi niambieni kwamba niliahidi mwenyewe, wala sikulazimishwa."