Kilio cha Bata

Kwa mara ya ishirini na tatu, bata alishindwa kulia.

Si bata wa kweli. Ni bata wa plastiki, wa kuzungushwa ufunguo mgongoni, aliyetungiwa katuni ya kompyuta ya kuchekesha ili watoto wawasumbue wazazi madukani. Watoto hawakumsumbua mtu. Kampuni ya midoli ikakata shauri: vipindi kumi na viwili, basi. Leo walikuwa wanarekodi cha mwisho.

Mwanamke aliyempa bata sauti, ambaye studio nzima ilimwita Bi Bata, alisimama mbele ya maikrofoni, macho kwenye saa ya ukutani. Mama yake alikuwa amelazwa wiki ya pili sasa. Muda wa kuwaona wagonjwa uliisha saa kumi na moja, na jana kazi ilimshika hakwenda. Leo, liwe liwalo, angekwenda.

"Hicho ni kikohozi," mwongozaji alisema kutoka upande wa pili wa kioo. "Rudia."

"Bosi, koo limekauka."

"Unalia kwa mdomo. Nataka bata alie kwa tumbo, halafu ufunguo wake uliopotea uonekane, acheke na machozi yakiwa bado mashavuni. Wachoraji watafuata sauti yako."

Alikuwa na mbinu zake, huyu bwana. Kipindi cha pili alitaka hofu, akampasulia puto nyuma ya shingo. Kipindi cha saba alitaka furaha, akamwambia ameshinda tuzo ughaibuni. Bi Bata alicheza mpaka akaangusha stendi, na tuzo haikuwapo. Watu walishika mbavu, naye akacheka nao, kisha akaenda kulia chooni.

Saa tisa karani aliingia na kikaratasi, cha nne siku hiyo. Kampuni ilikuwa haiishi kuuliza kazi itakamilika lini. Mwongozaji alikisoma, akamnong'oneza fundi wa sauti, kisha akaingia mwenyewe kwenye chumba cha kurekodia na kumshika Bi Bata bega.

"Jikaze," alisema. "Wamepiga simu. Mama hatunaye tena."

Bi Bata alipiga magoti. Kilio kilichomtoka hakikuwa na maneno, kilipanda na kukatika na kupanda tena, dakika mbili nzima. Fundi hakuinua uso kutoka kwenye vitufe vyake.

"Safi," mwongozaji alisema. "Hicho ndicho. Inuka, mama yako mzima."

"Hajafa?"

"Kazi tu, Bi Bata. Hunijui mimi?"

Kicheko kilimtoka kabla hajafuta machozi. Alimpiga mwongozaji ngumi za kifua, akamwita shetani, akacheka tena mpaka akaegemea ukuta. Bata hakuwahi kucheka vile katika vipindi vyote kumi na viwili.

"Umenasa?" mwongozaji alimuuliza fundi.

"Nimenasa." Fundi alivua vipokea sauti na kugeukia dirisha.

"Kilio na kicheko?"

"Vyote."

Bi Bata alikuwa tayari na mkoba begani. "Nakimbia. Nikamsimulie mama huu ushenzi wako, atacheka huyo."

Mwongozaji alimsogezea kiti.

"Keti kwanza," alisema kwa upole. "Aliyepiga ni dada yako, na nilichokwambia mara ya kwanza ndicho alichosema."